Fundi Akifika, Gari Linawaka

Shikamoo fundi,

Nina gari dogo la petroli, otomatiki, la ufunguo wa kuzungusha, si la kitufe. Halijawahi kunisumbua mpaka miezi mitano iliyopita, lilipoanza kuchagua siku. Asubuhi linawaka bila shida. Nikisimama mahali dakika kumi, nimeshusha mtu au nimeingia dukani, nikirudi nazungusha ufunguo: kimya. Haliwaki. Nasubiri, narudia, na mara ya tatu au ya nane linawaka kama si lenyewe. Wiki nzima inaweza kupita salama, halafu siku moja ligome mara tatu.

Fundi wa kwanza alisema betri. Nikaweka mpya, siku nne likatulia, ya tano likagoma. Wa pili akasema stata, ile mota ya kuzungushia injini iwake. Akaitoa, akaweka nyingine, tukakaa siku kumi na moja kwa amani, kisha yaleyale. Sasa wa tatu anataka kubadilisha pampu ya mafuta, na jirani anasema ni kompyuta ya gari. Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba kila nikimwita fundi, akifika na sanduku lake la spana anazungusha ufunguo na gari linawaka palepale. Ananitazama kama mtu aliyeitwa aje asalimiwe tu.

Likigoma, taa za dashibodi huwa zipo zote, redio inaimba, honi inalia. Mama watoto naye huliendesha siku nyingine, na wala hahangaiki. Likimgomea anauvuta mkono wa gia mpaka nyuma kabisa, anaurudisha mbele kwenye P, anazungusha ufunguo, anaondoka. Nimemwambia hiyo ni bahati yake, gia na kuwaka wapi na wapi.

Nimechoka kununua vifaa. Kipi kibadilishwe sasa?

Aliyechoka Kubahatisha

*

Marahaba, na pole kwa safari.

Kisibadilishwe kitu chochote kwa sasa. Pampu ya mafuta ndiyo kabisa usiiguse. Pampu haiwezi kuizuia stata isipige. Hata tangi likiwa kavu kama jangwa, stata ingezunguka na injini ingezunguka, ila tu isingeshika.

Kilichokula fedha zako ni neno moja: “haliwaki”. Neno hilo limebeba magonjwa mawili yasiyo na undugu. Kuna gari ambalo stata inapiga, injini inazunguka vizuri, lakini haishiki. Hapo ndipo tunapoulizana habari za mafuta, plagi, koili na sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini. Na kuna gari ambalo stata yenyewe haipigi. Ukimwambia fundi “haliwaki” naye akifika likawaka, humpi pa kuanzia, basi anaanza na kifaa alichokibadilisha wiki iliyopita kwenye gari la mwingine. Katika barua yako yote kuna neno dogo ambalo naamini hukumwambia hata mmoja wao: kimya.

Na kimya nacho kina namna zake, kwa hiyo safari ijayo likigoma zima redio, funga vioo, utege sikio. Ukisikia tik-tik-tik-tik ya haraka na taa zikififia, betri haina nguvu au vichwa vyake vimelegea au vina ukungu. Ukisikia tik moja nzito kisha basi, na taa zinaendelea kung’aa, amri imefika kwenye stata lakini moto mkubwa, yaani umeme wa kuzungushia injini, haupiti. Hapo stata ni mshukiwa halali. Na usiposikia hata tik, taa ziking’aa vilevile, basi amri yenyewe haikufika. Wewe, kwa maelezo yako, uko hapa.

Nieleze hiyo “amri” ni nini, maana ukishaielewa hakuna atakayekuuzia pampu tena. Stata ya gari dogo hunywa zaidi ya ampea 100 wakati wa kuzungusha injini, na mara nyingi inavuka hapo sana. Moto mwingi kiasi hicho hauwezi kupitishwa kwenye swichi ya ufunguo, ungeiyeyusha. Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza ni waya mnene kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye stata, ambao uko na moto saa zote. Ya pili ni njia ya waya mwembamba: inatoka kwenye fyuzi, inapita kwenye swichi ya ufunguo, inapita kwenye swichi ya gia na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), kisha inafika kwenye solenoidi, ile chupa ndogo iliyopanda mgongoni mwa stata. Solenoidi ikipata huo moto mdogo inavuta chuma chake ndani, na ndiyo ile tik unayoisikia. Kwa mvuto huo inasukuma kijigia kishikane na meno ya injini, na papo hapo inaunganisha njia ile kubwa. Njia nyembamba ikikatika mahali popote, hata kwa unywele, hupati tik wala mzunguko, na betri yako mpya inakaa pale imejaa, haijui kama imeitwa.

Swichi ya gia ndiyo ambayo mama watoto anaishughulikia kila siku pasipo kufungua boneti. Mwombe radhi.

Gari la otomatiki halikubali kupiga stata mpaka gia iwe P (ya kuegesha) au N (huru), na anayelihakikishia hilo ni swichi iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, chini, kwenye matope na joto. Ndani yake kuna vibao vya shaba na kidole kinachoteleza juu yake kila unapohamisha gia. Miaka ikipita shaba inachakaa, grisi inakauka, vumbi na maji vinaingia. Au swichi ni nzima, ila kebo na bushi zinazouunganisha mkono wa gia na giaboksi zimelegea, hivyo mkono uko P lakini kidole kule chini kimesimama milimita moja kabla. Ukiuvuta mkono mpaka nyuma na kuurudisha, kidole kinajisugua na kutua mahali pazuri zaidi. Anachokifanya mama watoto ni kusafisha swichi kwa msuguano, kisha anaondoka zake.

Hata hivyo sitaki na mimi niwe fundi wa nne anayebahatisha. Inawezekana kabisa kwamba katika zile sekunde kumi anazocheza na gia, kitu kingine kabisa kimejirudi. Wewe pia unalisubiri tu, na linawaka bila kugusa gia. Kwa hiyo tupime, na kanuni ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Likigoma, usiguse gia. Zungusha ufunguo mara tano, ukisubiri kidogo kati ya mara na mara. Likiwaka hapo, andika. Lisipowaka, kanyaga breki, vuta handibreki, peleka gia N, zungusha. Likiwaka N baada ya kukataa P mara tano, hiyo ni dalili nzito. Ikitokea hivyo mara tatu katika siku tofauti, mimi nimeridhika. Ukiwa hapohapo tazama dashibodi: ile herufi P inawaka au imepotea? Katika magari mengi swichi hiyohiyo ndiyo inayowasha herufi hizo na taa nyeupe za rivasi. Mwombe mtu asimame nyuma akuambie kama taa za rivasi huwa zinakosa siku nyingine. Swichi inayochoka mara nyingi huanza kusahau na kazi zake nyingine.

N ikikataa sawasawa na P, rudi nyuma kwenye swichi ya ufunguo. Sizungumzii tundu la ufunguo bali kile kipande cha umeme nyuma yake. Washa feni ya hewa, kisha zungusha ufunguo hadi mwisho. Kwenye magari mengi feni hukatika unaposhikilia ufunguo kwenye stata. Kama feni inaendelea kuvuma kama vile hujafanya lolote, inaelekea swichi haifiki mwisho wake, hasa kama umebeba mzigo wa funguo za nyumba nzima kwenye pete moja. Na uangalie taa yenye picha ya ufunguo au gari lenye kufuli: ikipepesa ilhali siku zote huzimika, gari halijautambua ufunguo, jaribu ule wa akiba.

Usiku kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu hakihitaji hata spana. Simamisha gari mbele ya ukuta, washa taa kubwa, na likigoma tazama mwanga ukutani wakati unazungusha ufunguo. Mwanga ukianguka kabisa, moto unaombwa lakini haupatikani: betri, vichwa vyake, ethi (njia ya moto kurudi betri kupitia bodi), au stata iliyokwama. Mwanga usipotikisika hata kidogo, hakuna aliyeomba. Ukutani hapo utaona mwenyewe kama betri ile ya kwanza ilistahili kutupwa. Nina wasiwasi haikustahili.

Sasa tuje kwenye tatizo la gari kumwonea fundi aibu. Gari haliogopi sanduku la spana. Ni kwamba mpaka fundi afike limepoa, au wewe umeshajaribu mara kumi na kitu kimetikisika kikashika. Kosa la kuja na kuondoka haliwezi kupimwa likiwa halipo. Nilijifunza hilo kwa gari la mteja mmoja ambalo nilikaa ndani yake mchana mzima nikiliwasha na kulizima, likiwaka kila mara bila kinyongo. Nikamrudishia, naye akanipigia simu kutoka njia panda ya kwanza. Tangu siku hiyo sisubiri gari linigomee mimi. Namwachia mwenye gari jicho la kunitazamia.

Jicho lenyewe ni taa ndogo. Mwambie fundi wako, yule mtulivu zaidi kati ya hao watatu, atafute balbu ya volti 12, wati 5, kama zile za kwenye sahani ya namba. Waya mmoja wa balbu aufunge kwenye bodi mahali penye chuma safi. Wa pili auunge kwenye ule waya mwembamba wa solenoidi, na karibu kabisa na alipouunga aweke fyuzi ya ampea 3, ili ukichubuka usichome gari. Waya upitishwe mbali na ekzosti na mkanda wa feni, uingie ndani, balbu ikae miguuni mwako au kando ya usukani. Kazi ya nusu saa hivi, kutegemea stata ilivyojificha.

Kuanzia hapo gari likigoma linatoa ushahidi lenyewe. Umezungusha ufunguo, stata kimya, balbu inawaka vizuri: amri imefika, kosa liko kwenye stata hiyo mpya au ethi yake, na kitu kuwa kipya hakumaanishi ni kizima. Balbu haikuwaka kabisa: amri imekatika njiani, na fundi anahamisha kipimo chake hatua moja nyuma, kwenye rilei, kisha swichi ya gia, kisha ufunguo, mpaka afike mahali ambapo upande mmoja una moto na mwingine hauna. Rilei ni rahisi: mara nyingi ya honi inafanana nayo, namba ikiwa ileile zibadilishane nafasi uone ugonjwa unahamia wapi. Balbu ikiwaka kwa unyonge, nyekundunyekundu, usiidharau. Amri inafika imechoka, kuna mguso mchafu mahali fulani unaokula volti, na solenoidi inakosa nguvu ya kuvuta chuma chake.

Hapo ndipo joto linapoingia. Umesema asubuhi linawaka, na linagoma ukisimama muda mfupi baada ya kuendesha. Injini ikizimwa, feni na hewa ya mwendo vinasimama, na kwa dakika kadhaa joto la injini na giaboksi linapanda kwenye vitu vilivyo jirani. Shaba ikipata joto inazidi kuupinga umeme, na koili ya solenoidi, yaani waya wa shaba uliosokotwa ndani yake, inahitaji volti zaidi kuvuta kwa nguvu ileile. Mguso ambao asubuhi ulitosha kwa kubahatisha, saa hiyo hautoshi. Ila joto peke yake halimtaji mhalifu, maana karibu washukiwa wote wanaishi kwenye joto hilohilo. Ndiyo maana nataka balbu.

Utaniuliza: mbona lilipona siku nne, halafu siku kumi na moja? Fikiria alichofanya fundi wa pili. Alilala chini ya gari, akachomoa soketi, akavuta waya, akagonga, akarudisha. Kosa la mguso likitikiswa hivyo linaweza kutulia kwa muda, na sifa anapewa kifaa kipya. Kuna jambo jingine pia. Umesema gari lenyewe, bila mkono wa mtu, huweza kumaliza wiki nzima bila kugoma. Basi siku nne za amani hazikuwa na maana yoyote, zingekuwepo hata usingenunua betri. Tazama kipindi kirefu zaidi ambacho gari limewahi kukaa salama, kizidishe mara tatu, ndipo useme limepona. Kwako hiyo ni zaidi ya mwezi. Fundi akikwambia “lipo sawa” siku ya pili, hadanganyi, ila hajui.

Ikithibitika ni swichi ya gia, usikimbilie kununua. Kwanza bushi na kebo ziangaliwe, maana swichi mpya juu ya kebo iliyolegea itagoma vilevile. Kisha swichi irekebishwe: nyingi zina matundu marefu ya bolti yanayoruhusu kuzungushwa kidogo, na alama ya kulinganishia gia ikiwa N. Soketi yake ifunguliwe, itazamwe kama ina kutu ya kijani au mafuta. Hapo ndipo unaamua kama inahitaji nyingine.

Na hapa nisikilize vizuri. Kuna fundi atakayekwambia, “Hii swichi tunaiunga moja kwa moja, tatizo kwisha.” Kweli, gari halitagoma tena. Litakubali pia kupiga stata likiwa D, gia ya kwenda mbele, na siku moja mtu atazungusha ufunguo huku mtoto amesimama mbele ya bampa. Kataa. Na kwa sababu hiyohiyo, usikubali mtu aiamshe stata kwa kuunganisha vyuma vyake kwa bisibisi akiwa ameinama mbele ya gari, kwani njia hiyo inairuka swichi ya gia kabisa.

Wakati fundi anafunga hiyo balbu, apime na betri, si kwa sababu naishuku bali ili tuifute kwenye orodha. Ikiwa imepumzika usiku kucha isome karibu volti 12.6. Stata ikipiga isianguke chini ya 10 hivi, na injini ikiwa inaunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5, kwamba alteneta inachaji. Kisha vichwa vyake vifunguliwe vikwanguliwe ving’ae, hasi ikitangulia kutoka na kuwa ya mwisho kurudi, pete na saa ya chuma vikiwa mfukoni. Kwenye ampea 150, mguso wenye upinzani wa omu 0.02 tu unakula volti 3 nzima, na kwa macho unaonekana safi.

Kwa wengine mnaosoma ambao stata zenu zinapiga vizuri ila injini haishiki, balbu hii haitawasaidia. Nyie washeni ufunguo bila kupiga stata, sikilizeni nyuma: kwenye magari mengi ya petroli pampu huvuma kama sekunde mbili kisha hunyamaza. Likigoma siku ambayo uvumi huo haupo, anzeni na fyuzi na rilei ya pampu. Uvumi ukiwepo na gari linagoma likiwa na joto tu, likipoa linawaka, ulizieni sensa ya krenki. Na msishikilie stata zaidi ya sekunde kumi kwa mpigo, mtaichoma.

Ndugu yangu, weka kidaftari garini, chako na cha mama watoto: saa, limetembea muda gani, P ilikataa mara ngapi, N ilisemaje, balbu ilionyesha nini. Yeye namuomba jambo moja gumu: likimgomea, asiuguse mkono wa gia kabla hajaitazama balbu. Mistari mitano ikitimia niandikie, nami nitajua tufungue wapi.